Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwenye ule mradi wa maji

Ndugu mhariri,

Ile picha mliyoitoa ukurasa wa mbele wiki mbili zilizopita, ya mgeni rasmi kashika mkasi, utepe uko mbele ya pampu mpya na nyuma kuna bango la mradi lenye nembo kama saba hivi, nimeikata nimeiweka mezani kwangu. Sina ugomvi na mgeni rasmi wala na mkasi wake. Ila chini ya picha mmeandika kwamba maelfu ya watu "watanufaika", na mi neno hilo limenikaa kooni kwa sababu nimelipwa mshahara kwa neno hilo miaka kumi na moja. Nilikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini, yaani wa kupima kama mradi umefanya ulichoahidi, kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, matatu tofauti, na picha za namna hiyo nimezipanga mwenyewe, mama sogea kidogo kulia, kichwa chako kinaficha nembo ya mfadhili.

Sasa swali langu ni moja tu, hao walionufaika mtarudi lini kuwahesabu? Siulizi kwa kebehi. Nauliza kwa sababu najua wenye mradi wenyewe hawarudi, na sio kwamba wana roho mbaya, ni pesa ndo zilivyopangwa.

Mradi wa kawaida unakuwa wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza nusu nzima inaishia kwenye kuajiri, kununua gari, kusaini makubaliano na serikali, na kufanya utafiti wa awali ambao mara nyingi unakuja kukamilika wakati shughuli zimeshaanza, kwa hiyo ile hali ya mwanzo uliyotaka kuipima imeshapita. Mwaka wa pili ndo kazi. Mwaka wa tatu ukifika katikati kila mtu macho yako kwenye tarehe ya kufunga, maana pesa ambayo haijatumika mpaka siku ile inarudi kwa mfadhili, na hapo ndo utaona warsha juu ya warsha na vitu vinanunuliwa ambavyo hakuna aliyeviomba. Kwenye hii kazi kubakiza pesa ni aibu kubwa kuliko kuzitumia hovyo, niamini. Meneja anaulizwa kila mwezi umetumia asilimia ngapi ya bajeti. Sijawahi kusikia ameulizwa ni watu wangapi wameacha kuchota maji mtoni.

Tathmini ya mwisho inaingia wapi hapo? Inaingia miezi miwili ya mwisho, kwa sababu mshauri wa nje anayeifanya naye lazima alipwe kabla akaunti haijafungwa. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi yake, zinaandikwa na shirika, mshauri anachaguliwa na shirika, gari na dereva ni wa shirika, vijiji vya kutembelea vimechaguliwa na shirika, na mkalimani akihitajika ni kijana wa mradi huo huo. Anapewa siku kumi, na nne kati ya hizo ziko njiani. Anafika rangi bado inanuka. Halafu kwenye hadidu zake ameambiwa apime uendelevu! Uendelevu wa kitu chenye miezi minne, ni kama umkamate bwana harusi ukumbini umuulize ndoa imedumu?

Vigezo vyenyewe vya tathmini havina kosa. Kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, ule umoja wa nchi nyingi tajiri, ilivitoa mwaka 1991 vikiwa vitano, kwamba mradi uulizwe kama ulihitajika, kama ulifikia malengo yake, kama kilichopatikana kinalingana na gharama, umeacha athari gani, na kama faida itabaki wenye pesa wakiondoka, halafu 2019 wakaongeza cha sita, kama unaendana na kazi za wengine walioko pale pale. Nani atavipinga? Ila viwili kati ya hivyo, athari na uendelevu, havina majibu mpaka muda upite, na muda ndo kitu ambacho sijawahi kuuona mkataba ukikilipia.

Nitoe la kwangu nisionekane nasema wenzangu tu. Kuna mradi wa visima tuliufunga, visima kumi na mbili, kamati za maji kumi na mbili, kila kamati imepata mafunzo ya siku tatu, kwenye jedwali langu nikaandika 12 kwa 12, asilimia 100, kisanduku nikakipaka kijani. Siku moja kabla mshauri hajafika tulimwita fundi azungukie pampu zote, akakuta mbili hazitoi maji, akazitengeneza usiku kwa taa ya pikipiki, na asubuhi watoto walikuwa wanapampu na mshauri anapiga picha. Sikudanganya kitu, siku ile pampu zote zilikuwa zinatoa maji. Ripoti ikatoka nzuri sana.

Miaka miwili na kitu baadaye nikapita njia ile ile na shirika jingine, kwa kazi nyingine kabisa, nikamwambia dereva hebu tusimame. Pampu ya kwanza mpini umefungwa kwa waya usichezewe. Ya pili hivyo hivyo. Nikauliza kuna nini, mzee mmoja akaniambia ni kile kipira cha ndani kimekwisha, kitu kidogo tu unakifumbata kiganjani, nikasema lakini mzee wangu si mlifundishwa kukibadilisha, akasema tulifundishwa mwanangu, spana ndo hamna. Kumbe spana ilikuwa moja, ilikaa kwa mweka hazina wa kamati, mweka hazina kahama na kaondoka nayo. Yaani kisima kizima, upimaji wa maji chini ya ardhi, mtambo wa kuchimba, saruji, semina ya siku tatu, vyote vimesimama kwa ajili ya spana. Nilikuwa na viashiria, yaani vipimo vya mafanikio, arobaini na moja kwenye ule mradi na hakuna hata kimoja kilichouliza spana iko kwa nani.

Wala sio visima vyangu peke yake. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, Rural Water Supply Network, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, wakakuta pampu za mkono kama 36 kati ya kila 100 hazifanyi kazi. Nikisoma namba ile nawaona wenzangu 36 mahali fulani kila mmoja ana kisanduku chake cha kijani.

Kwa msiojua hii kazi, hivyo viashiria vinakaa kwenye jedwali linaitwa logifremu. Wameanza nalo Wamarekani, shirika lao la misaada USAID, mwaka 1969, walikuwa wamechoshwa na miradi ambayo hata mwenyewe hajui ilitaka kufanya nini, na kwa kweli ni kifaa kizuri, mistari minne na safu nne, unaanza chini na shughuli, unapanda kwenye vitu ulivyotoa, unapanda tena kwenye kilichobadilika kwa watu, mpaka lengo kuu juu kabisa. Safu ya mwisho kulia ni ya dhana, maana yake mambo ambayo sio kazi yako ila unategemea yawe sawa la sivyo ngazi inakatika, kwamba vipuri vitapatikana, kwamba serikali itapeleka nesi kwenye zahanati uliyojenga, kwamba kamati itaendelea kukaa vikao. Mhariri, safu hiyo ndo roho ya jedwali zima na ndo inayojazwa mwisho, saa sita kasoro usiku, wakati prapozo, lile andiko la kuomba pesa, inatakiwa kuingia kwenye mfumo saa sita kamili. Nimeijaza mwenyewe sijui mara ngapi. Nilikuwa na sentensi yangu moja, hali ya kisiasa itaendelea kuwa tulivu, naikopi kutoka prapozo ya jana naipesti kwenye ya leo. Miradi mingi niliyoona inakufa ilifia kwenye safu ile, na mshauri akija anakagua safu ya viashiria.

Kuhesabu watu nako kuna ufundi wake. Karatasi ya mahudhurio ina jina, jinsia, umri, simu na sahihi. Mwisho wa robo mwaka tunajumlisha sahihi. Kuna mama mmoja namkumbuka kwa vile alikuwa anaandika jina lake kwa herufi kubwa mpaka linaingia kwenye mstari wa jirani yake, huyo alihudhuria semina ya kuweka akiba, ya lishe, ya kutengeneza sabuni na ya haki za wanawake, kwa hiyo kwenye ripoti yetu alikuwa wanawake wanne. Halafu nyumba yake ina watu sita, kwa hiyo hao wanne ukazidisha kwa sita ukapata wanaoitwa wanufaika wasio wa moja kwa moja. Ndo maana nikiona maelfu chini ya picha yenu naanza kugawanya kichwani.

Kuliko hesabu hizo zote kuna ile ya PlayPump, sijui kama wasomaji wenu wanaikumbuka. Ni pampu iliyofungwa kwenye bembea ya kuzunguka, watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi, ilianzia Afrika Kusini na ukiiona kwenye video lazima utabasamu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi wakatangaza dola milioni 16.4, lengo ni pampu 4,000 ifikapo 2010. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza likachapisha hesabu, kwamba ili pampu moja itosheleze idadi ya watu iliyotajwa, watoto watatakiwa wacheze saa 27 kwa siku. Siku yenyewe ina 24! Kumbe watoto wakichoka ni kina mama wanaosukuma bembea, na sehemu nyingine pampu ya mkono iliyokuwa inatoa maji bila shida iling'olewa kupisha hii mpya. Lengo la 2010 halikufikiwa. Na naomba mhariri uangalie hiyo hesabu ilitokea wapi, haikutokea kwenye ripoti ya tathmini, ilitokea gazetini, ni kuzidisha na kugawanya tu mtu yeyote angeweza.

Mtasema basi washauri waandike ukweli. Wanaandika bwana, nimewaona. Rasimu inakuja inasema kamati za maji hazifanyi kazi. Inapita ofisini inarudi na maoni pembeni, inakuwa kamati za maji zinakabiliwa na changamoto. Inapanda makao makuu, inakuwa kuna fursa ya kuziimarisha zaidi kamati za maji. Mpaka inamfikia mfadhili ugonjwa umeshakuwa fursa. Na mi siwezi kuwalaumu sana maana ukikiri ulishindwa awamu ya pili huipati, na awamu ya pili ni mishahara ya watu thelathini, mimi mmojawapo. Wapo waliojaribu kuvunja hiyo hofu, Engineers Without Borders wa Kanada, shirika la wahandisi, walianza mwaka 2008 kuchapisha ripoti ya kila mwaka ya mambo waliyoshindwa, hadharani, kwamba hapa tulikosea na tumejifunza hiki. Nilipoiona mara ya kwanza nilimtumia bosi wangu. Akanijibu safi sana, tukipata pesa zisizo na masharti tutafanya na sisi. Hatukupata.

Kuna wanaoamini dawa ni majaribio ya kisayansi, kundi hili lipewe lile lisubiri halafu ulinganishe, na kazi za wachumi Kremer, Banerjee na Duflo ndo ziliwapa Nobeli ya uchumi 2019, ile ya dawa za minyoo kwenye shule 75 za Busia kule Kenya imesomwa dunia nzima. Sipingi kabisa. Ila ni kazi ya miaka na ya pesa nyingi, shirika lenye magari mawili litaitoa wapi, na kujua spana iko kwa nani hakuhitaji Nobeli.

Linaloniuma zaidi ni ripoti inakokwenda. Unamkalisha mtu masaa matatu unamuuliza maswali, mapato yake, choo chake, watoto wake waliougua kuhara, unamshukuru, unaondoka. Majibu yake yanakwenda kuwa kurasa 84 za PDF kwa lugha asiyoisoma, zinapandishwa kwenye mfumo wa mfadhili, basi. Mwenyekiti mmoja wa kamati aliwahi kuniuliza, yale maswali ya mwaka juzi majibu yake yalitokaje? Nikamwambia yalitoka vizuri. Ningemwambia nini.

Na mwaka 2025 tumeona hiyo tabia inaishia wapi. Januari misaada ya Marekani ikasimamishwa kwa amri ya rais, Februari mosi tovuti ya USAID ikazimwa, baadaye na ile maktaba yao ya mtandaoni yenye ripoti za miradi na tathmini za miaka na miaka nayo ikatolewa hewani, na kufikia Julai mosi shirika lenyewe limekwisha. Miradi ilikatwa katikati, ile tathmini ya mwisho hata hiyo ya kupaka rangi haikufanyika, na watu ambao maisha yao ndo yaliandikwa mle ndani hawakuwa na nakala hata ya ukurasa mmoja. Nakala zilikuwa kwa mwenye nyumba, kafunga mlango kaondoka na ufunguo.

Kurudi kunawezekana, msije mkadhani naota. JICA, lile shirika la misaada la serikali ya Japani, wana utaratibu wa kurudi kwenye miradi yao miaka kama mitatu baada ya kukamilika, wanaipa alama kuanzia A mpaka D na wanazitoa hadharani, D nazo zimo. Kwa ma-NGO madogo mi ningependekeza pesa ya safari moja ya kurudi itengwe tangu siku ya kusaini na ikae nje ya akaunti ya mradi ili tarehe ya kufunga isiimeze, haihitaji mshauri wa kutoka mbali, ni watu wawili na gari siku tano, hawaendi kupima viashiria arobaini na moja, wanaenda kuangalia kipi bado kinafanya kazi, kipi kimekufa na kimeuawa na nini. Na kabla mshauri yeyote hajapanda gari kuondoka asimame kwenye mkutano aseme kwa lugha ya pale alichokikuta, wenyewe wambishie. Nusu ya makosa ya ripoti yangekwisha pale pale. Najua wafadhili watasema hiyo ni gharama ya ziada. Kile kisima changu kilichofungwa waya kilikuwa gharama ya nini?

Lakini wafadhili sijui kama wanasoma barua za wasomaji, wewe ndo unasoma, kwa hiyo narudi kwako. Gazeti halina tarehe ya kufunga mradi. Halitafuti awamu ya pili. Mwandishi wenu aliyeandika ile habari anajua njia, anajua majina, na picha ya kwanza mnayo. Andikeni kwenye kalenda ya chumba cha habari, miaka miwili toka siku ile ya mkasi, arudi asimame pale pale alipokuwa amesimama, apige picha nyingine, mzitoe mbili pamoja ukurasa ule ule wa mbele mlioitolea ya kwanza. Kama maji yanatoka itakuwa habari njema na mi nitakuwa wa kwanza kununua nakala. Asipige simu kwanza kwa shirika, wakijua anakuja fundi atatangulia usiku. Aende asubuhi wakati wa foleni ya ndoo, aongee na wanaochota, amwache mwenyekiti kwa baadaye, na akishamaliza maswali yake yote aulize na langu, spana iko kwa nani, kisha aombe aione.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
aliyekuwa afisa ufuatiliaji na tathmini